Siku Niliyookota Kamba ya Rateng'

Nyinyi vijana mnaoshinda mmeinamia simu mpaka shingo zimekuwa kama za korongo, leo inueni vichwa kidogo. Anayeongea ni Ochola wa Rangwe, upande wa Asumbi. Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona tu mwalimu anarudia mambo. Lakini kwa miaka saba nimehukumu wahandisi, wachungaji wawili na daktari wa meno, na wote waliniita Hakimu. Nilihukumu kesi za ng'ombe wasio na damu, nyumba zisizo na mawe, na mashamba ambayo ukiyatafuta kwa pikipiki utamaliza mafuta ukiwa bado unauliza njia.

Msicheke. Mali ya kwenye skrini ni mali. Mtu akilisha ndama wa picha kila asubuhi kwa miaka miwili, akimpa jina, akimtafutia nyasi, huyo ndama ukimdhulumu, mwenyewe atalia machozi ya kweli. Mimi nimeyasikia hayo machozi kwenye hedifoni. Yanapiga masikio kuliko matusi.

Dunia yenyewe inaitwa Boma Pana. Ni mchezo wa intaneti, lakini usimwambie mwenye boma kwamba ni mchezo. Ukiingia unapewa mtu wako wa kwenye skrini, unamvalisha, unampa jina, naye anatembea pale unapomwambia. Unalima, unafuga, unajenga, unanunua, unauza. Wenzako mle ndani ni watu wa kweli waliokaa kwao: mmoja Migori, mwingine Mombasa, mwingine ng'ambo kwenye baridi. Mnaongea kwa sauti zenu wenyewe. Na palipo na watu na ng'ombe pana kesi. Hilo nililijua kabla intaneti haijafika Homa Bay.

Maana kabla ya hapo nilikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Ndhiwa. Sijisifu, ninaeleza tu: nilikuwa nikimtazama fahali kutoka upande wa pili wa soko, nakwambia mama yake alikuwa na tabia gani. Halafu mtamba mmoja, mnyonge hivi, hata pembe hana, akanipiga teke la goti. Daktari akasema nikae miezi mitatu bila kusimama sokoni. Nikaenda kukaa kwenye saiba ya Atieno, duka lake la kompyuta na intaneti, mjini Homa Bay. Atieno ni mdogo wa mke wangu, shemeji yangu, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Aliniwekea kiti karibu na feni akaniambia, "Jaduong', mzee wangu, kaa hapo, usiguse kitu."

Siku ya tatu nikamsikia anagombana na kompyuta. Alikuwa amenunua ng'ombe wa maziwa mle Boma Pana, na ng'ombe hatoi hata tone. Muuzaji, bwana mmoja wa Awendo, anaapa kwamba jana alitoa debe zima.

"Nipe hizo za masikioni," nikamwambia.

"Jaduong', nilikuambia usiguse kitu."

"Sigusi. Naongea tu."

Nikamuuliza yule bwana swali moja, swali la Ndhiwa: "Mnunuzi alimkamua mwenyewe kabla ya kuchukua?" Akaanza kusifu pembe. Nikauliza tena. Akasifu mkia. Nikasema, "Omera, ndugu yangu, ng'ombe wa maziwa hauzwi kwa mdomo, anauzwa kwa kiwele. Mrudishe." Akamrudisha! Halafu akauliza, "Huyu mzee ni nani? Nina kesi nyingine na jirani."

Ndivyo nilivyoanza. Kampuni ya Boma Pana ilipotangaza kwamba inatafuta waamuzi wa kila eneo, mimi nilisema, Atieno akaandika. Aliongeza Kiingereza ambacho mpaka leo sikijui maana, lakini kilifanya kazi. Nikapewa kofia nyekundu, na kile kiti cha karibu na feni kikawa changu. Mle ndani mtu akiona kofia nyekundu ananyamaza. Niliipenda ile kofia, sitawaficha. Nilikuwa na kofia za kweli nne nyumbani, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyamazisha mtu.

Sasa msidhani nilizaliwa nikijua. Wiki ya kwanza niliaibika mbele ya watu wengi. Mnunuzi alidai ng'ombe aliyeuziwa ni mzee, muuzaji akasema ni kijana kabisa. Nikasema kwa sauti ya mahakama, "Mfungueni mdomo nione meno." Watu wakangoja. Mimi nabonyeza hapa, nabonyeza pale, ng'ombe ananitazama. Nikabonyeza kitu kingine, mtu wangu akaanza kucheza dansi na kofia yake nyekundu, na sikujua namna ya kumsimamisha. Alicheza mpaka Atieno akaja kutoka kwa mashine ya fotokopi, akanyoosha kidole kwenye skrini. "Ukitaka umri wake, gusa sikio. Huku ng'ombe hana meno, Jaduong'. Ana maandishi." Tangu siku hiyo sikudharau tena mtu anayejua kitufe.

Lakini kuna mambo ambayo kitufe hakijui, na hayo niliyaleta mimi. Mwongo wa sokoni unamjua kwa macho. Mwongo wa mle ndani hana macho, ana sauti tu. Basi jifunzeni sauti. Anayesema kweli hukasirika mapema, kisha anachoka, anabaki na huzuni. Mwongo huanza mpole kama mchungaji wa kualikwa, na kila ukimrudisha mwanzo wa hadithi sauti yake inapanda ngazi. Na mkitaka kumaliza kelele, mwambieni mnunuzi aeleze kesi ya muuzaji, na muuzaji aeleze kesi ya mnunuzi. Wengi hushindwa katikati na kuanza kucheka.

Kuna kesi ya mama wa Rongo aliyenunua kiwanja mle ndani kwa sababu kinatazama ziwa. Kampuni ikafanya marekebisho yake, asubuhi ziwa limehama. Kiwanja sasa kinatazama choo cha jirani. Waamuzi wa mbali waliandika barua ndefu sana juu ya hiyo kesi. Mimi nikawaambia, jameni, sisi watu wa Homa Bay ziwa limetuhamia mpaka jikoni na hatukumshtaki aliyetuuzia shamba. Nikamwamuru jirani asogeze choo, na mama apande miti. Kesi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Hivi sasa nasikia mashine ndiyo inahukumu: unajaza fomu, inakujibu kabla hujavuta pumzi. Ni haraka, sikatai. Nasikia pia rufaa zimekuwa nyingi.

Lakini hadithi ninayotaka muipeleke nyumbani ni ile ya kamba, kwa sababu ndiyo iliyonistaafisha.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kijana mmoja wa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, jina lake Chacha, aliita mwamuzi.

"Mzee, nimeibiwa mchana kweupe. Nimenunua fahali, karatasi ziko kwa jina langu, na fahali amekataa kutoka kwa huyu mama!"

"Mwenye kuibiwa ni mimi!" ikaingia sauti ya mwanamke. "Mimi ndiye nimeitwa mwizi mbele ya watoto wangu!"

Huyo alikuwa Dorina, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbita. Mle ndani alikuwa na boma la kuvutia sana, na katikati ya boma hilo alisimama fahali mweusi anayeitwa Rateng'. Nawaambia, nimeona mafahali, wenye damu na wasio na damu. Yule angeingia soko la Ndhiwa watu wangeacha kula. Dorina alimlea tangu ndama.

Shida ilikuwa hii. Sote tunaokaa huku tunajua: ukiuza ng'ombe, kamba yako huiuzi. Unamfungua, mnunuzi anamfunga kwa kamba yake, wewe unarudi nyumbani na yako mkononi. Kamba ikienda, bahati ya zizi inaifuata. Dorina alilelewa vizuri. Basi alipomuuza Rateng' mle ndani alifanya kama alivyofunzwa: akamwandikia Chacha fahali, akamvua kamba, akaiweka mfukoni mwa mtu wake wa kwenye skrini.

Lakini waliotengeneza Boma Pana hawakuwahi kuuza hata mbuzi. Wao waliamua kila mnyama azaliwe na kamba yake, na asimfuate mtu ila aliyeishika hiyo. Chacha alileta kamba mpya, fahali akaikataa. Akaleta ya pili. Fahali akalala chini, akaanza kucheua.

"Hata kwetu kamba inabaki kwa mwenyewe, mzee," Chacha akasema. "Sikatai mila. Lakini kwetu ng'ombe anatembea!"

Nikamuuliza haraka ya nini. Hapo ndipo nikajua kesi hii si ya mchezo.

Chacha alikuwa anataka kumuoa msichana anaitwa Robi. Baba yake Robi alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba mkubwa, Mzee Marwa, aliyekuwa ng'ambo miaka mingi na hakuwa na njia ya kuja karibuni. Mzee Marwa alikuwa na boma lake mle Boma Pana. Alilijenga likafanana na la baba yake, mpaka mahali pa kumwagia majivu. Mchumba wa kwanza katika nyumba hiyo, wa dada yake Robi, alimpa mzee ahadi nzuri sana kwenye simu, halafu akapotea. Basi safari hii mzee alisema: ng'ombe wa kweli tutaongea baadaye, lakini kwanza nimuone kijana kwa macho yangu akiingiza fahali langoni kwangu. Jumamosi hiyohiyo, saa sita mchana. Anayeshindwa kuleta wa picha, wa kweli atamtoa wapi? Akikosa, Robi atafute mtu mwingine.

Nikatazama saa ya ukutani pale saiba. Saa nne na nusu.

Mwamuzi mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi. Ng'ombe, kamba, mila, posa, yote ni mambo yangu. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika kwenye boma la Dorina kutazama, labda thelathini, wengine wamekuja na mbuzi wao. Nikarekebisha kofia nikaanza hotuba. Niliwaeleza historia ya kamba. Niliwaeleza juu ya babu yangu na fahali wake wa madoa. Niliwaeleza jinsi nilivyosuluhisha kesi ya ziwa. Dorina alijaribu kuingia.

"Hakimu, mimi nilikuwa nataka tu..."

"Mama, utapata nafasi yako."

Nikaendelea. Akajaribu tena.

"Jaduong', naomba niseme..."

"Subiri, mama. Mahakama ina utaratibu."

Atieno, aliyekuwa nyuma yangu akipanga karatasi, alikohoa. Sikumsikia. Nilikuwa nasikia sauti yangu, na ilikuwa nzuri.

Mwisho nikatoa amri ya kizee kabisa: kitu kinachogombaniwa kiwekwe chini, katikati ya watu, kisiguswe na yeyote mpaka kesi iishe. Ndivyo tunavyofanya huku hata kwa jembe. Dorina akasitasita. Nikamwambia, "Mama, kofia hii umeiona rangi yake?" Akaitoa kamba mfukoni, akaiweka chini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu mwenye akili zake huanguka.

Nilikuwa natembea huku na huko nikiongea, namtembeza mtu wangu kama mtu wa mahakama kwelikweli. Kamba iko chini. Na mimi, miaka ishirini ya soko imo mwilini mwangu. Sokoni kamba haiachwi chini. Kamba iliyo chini itamfunga ng'ombe mguu, atashtuka, ataangusha meza za mama wa mandazi. Ukiiona unaiokota hata kama unaongea na mkeo. Mkono wangu ulibonyeza kabla kichwa changu hakijaulizwa.

Nikaiokota.

Maandishi makubwa ya kijani yakatokea kwenye skrini ya kila mtu: *Rateng' sasa ni mali ya Hakimu Ochola.* Kumbe kwa sheria za Boma Pana kamba iliyoangushwa ni ya aliyeiokota, na anayeiokota anamchukua na mnyama wake. Karatasi za Chacha zikafutika palepale.

Fahali akasimama. Akajinyoosha. Akaja akasimama nyuma yangu.

Halafu mtu mmoja huko nyuma, sauti ya kike, akasema, "Yawa! Hakimu amekula ng'ombe!"

Boma zima likalipuka. "Kumbe hotuba yote ile ilikuwa kachumbari!" "Muulizeni kama na ziwa aliliweka mfukoni!" Kuna mwingine alikuwa na mbuzi; akasema, "Twende, mbuzi wangu, kabla hajakuona." Nikasogea kushoto, fahali akasogea kushoto. Nikasogea kulia, naye huyo. Nikakimbia kidogo nikajificha nyuma ya ghala. Fahali akaja akachungulia. Ukitaka kujua aibu, kimbizwa na ushahidi.

"Nyamazeni!" nikasema. "Namrudisha sasa hivi." Nikabonyeza kumpa Chacha kamba. Ikaandikwa: *Mwenye kofia nyekundu haruhusiwi kumpa wala kumuuzia mtu kitu.* Ni sheria ya kuzuia hongo. Niliipigia kura mimi mwenyewe, na nilitoa hotuba siku hiyo. Kuiangusha chini tena? *Mwenye kofia nyekundu haruhusiwi kuacha mali.* Hakuna aliyefikiria kwamba mwamuzi ataokota kitu. Waliwaza hakimu mwizi, hawakuwaza hakimu wa soko la Ndhiwa.

Nikaandikia makao makuu. Jibu likaja upesi, sitawasingizia: ombi langu limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi.

Saa tano na robo.

Chacha hakupiga kelele tena. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nimewaambia, anayesema kweli hukasirika, kisha anachoka. Akasema polepole, "Mzee, wewe maliza tu kesi zako. Acha nimpigie Robi nimwambie nimeshindwa." Nikasikia anavyovuta pumzi kwa pua, kama mtu anayejizuia mbele ya wanaume.

Nikamgeukia Atieno. "Shemeji, hakuna kitufe?"

Aliinama akatazama skrini kwa muda. "Kiko kimoja," akasema. "Hiki."

Kilikuwa chini kabisa, kidogo, cha kijivu, kimeandikwa *Rudisha kofia.* Ukikibonyeza unaulizwa: una hakika? Ukirudisha hutapewa tena. Ukishakuwa mtu wa kawaida unaweza kumpa yeyote chochote.

Vijana, msiamini mtu anayewaambia hakusita. Mimi nilisita. Niliitazama ile kofia. Nilifikiria wahandisi, na daktari wa meno. Nilifikiria kwamba nikienda Rangwe mazishini watu husema, "Mpisheni hakimu akae." Nilifikiria pia kwamba kijana yule yuko mahali anatafuta namba ya msichana kwenye simu.

"Chacha," nikasema. "Usipige hiyo simu."

"Mzee?"

"Nimesema usipige."

Nikabonyeza. Una hakika? Nikabonyeza tena. Kofia ikatoka kichwani kwa mtu wangu, ikapaa juu kama puto, ikapotea. Chini yake kumbe nilikuwa na upara. Niliuchagua mwenyewe siku ya kwanza nikasahau. Watu wote wakasogea kuutazama. Hata mwenye mbuzi.

Nikampa Chacha kamba. Ikapita. Fahali akaondoka kwangu bila hata kunitazama, akaenda kusimama nyuma ya Chacha. Ng'ombe hana shukrani, mwenye damu au asiye na damu.

Nikamgeukia Dorina. Sasa sikuwa na rangi ya kofia ya kumuonyesha. "Mama," nikasema, "nimekukosea. Kamba yako imeenda."

"Itarudi," akasema.

"Itarudi vipi?"

"Fahali akishaingia boma lingine na kula nyasi za huko, anapata kamba mpya, ya zamani inaanguka yenyewe. Nilishafanya hivyo na mitamba wangu wawili. Nilitaka tu huyu kijana aahidi kwamba ikianguka ataniletea. Nilipomwambia 'kamba haiendi', akaniita mwizi kabla sijamaliza sentensi."

Chacha akasema, "Ai, mama... nisamehe. Nilikuwa na presha."

Mimi ndiye niliyekuwa na presha sasa. "Dorina! Ulijua hili tangu saa nne?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Jaduong'," akasema, na sasa alikuwa anacheka, "ungeniachia nafasi ipi? Umeongea tangu asubuhi wewe na babu yako."

Nyuma yangu Atieno alikohoa tena. Safari hii nilimsikia.

Hiyo ndiyo siri ya kazi ile, na niliinunua kwa kofia: mtu anayeomba kusema neno moja kwenye kesi yako, mara nyingi ndiye ameishika kesi mkononi. Mpe nafasi kabla maneno yako hayajaanza kukunogea. Kamba yenyewe Dorina aliipata jioni ileile. Chacha aliipeleka mwenyewe mpaka bomani kwake, na ndama wa nyongeza kwa lile neno la mwizi.

Lakini hapo ilikuwa bado saa tano na nusu, na boma la Mzee Marwa lilikuwa upande wa pili wa dunia ile, mito miwili mbele. Nilikuwa nimeshika hedifoni nizivue. Chacha akaniita.

"Mzee, twende wote."

"Mimi? Mimi si mtu tena, kijana. Unauona huu upara."

"Kwetu mtu haendi kuposa peke yake, na baba yangu ana simu ya tochi. Hawezi kuingia huku. Nitaingia langoni na nani?"

"Lakini mimi ni Mjaluo."

"Mzee Marwa atajionea. Twende, fahali anatembea polepole."

Tukaenda. Tulivuka mto wa kwanza salama. Kwenye wa pili Rateng' aliona nyasi akasimama, na fahali wa Boma Pana akianza kula humsukumi. Tukabaki pale tunamtazama anatafuna dakika zetu. Chacha alikuwa anaomba Mungu kwa Kikuria, mimi kwa Kijaluo, ili angalau mmoja asikike. Akamaliza. Akatembea. Tulifika langoni zikiwa zimebaki dakika nne.

Mzee Marwa alikuwa amesimama, mtu wake wa kwenye skrini amevaa koti refu zito, kama watu wa kule baridi. Alimtazama fahali kwa muda mrefu. Alimzunguka mara moja. Alimzunguka mara ya pili. Akasema, "Sikio lake nimelisoma. Ni fahali." Halafu akanigeukia mimi.

"Na huyu mwenye upara ni nani?"

"Ni mzee wangu," Chacha akasema. "Amekuja kuniongelea."

"Lafudhi yake nitaijua akisalimia."

Nikasalimia. Mzee Marwa akacheka puani. "Mura, kijana wangu, umevuka mito miwili kuniletea Mjaluo! Haya. Mzee, anayekuja kumuongelea kijana kwenye lango langu lazima awe mtu wa kujulikana. Unafanya kazi gani?"

Nilifungua mdomo. Miaka saba swali hilo nilikuwa nalijibu kabla halijaisha. Nikayapanga maneno, hakimu, mwamuzi, kofia, nikatafuta moja ambalo bado ni kweli.

"Nimestaafu," nikasema.

"Tangu lini?"

Nikatazama saa ya ukutani.

"Tangu saa tano na nusu."

Nikasikia upepo wa kwao kwenye hedifoni, na kijiko kinagonga kikombe. Kisha Mzee Marwa akacheka mpaka koti lake la kwenye skrini likaanza kuruka juu chini, nadhani alikuwa ameangukia vitufe.

"Basi una wakati," akasema. "Ingieni tuongee. Fahali atangulie."